Msiba Uliosubiri Mahafali

Kwa miaka minne nilikuwa katibu wa usharika wetu wa Kilutheri hapa London, na kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma matangazo. Tulikutana mara moja kwa mwezi, saa nane mchana, katika kanisa la kuazima kule Barking, baada ya Waingereza kumaliza ibada yao na kwenda zao kula. Watu walitoka Tooting, walitoka Edmonton, wengine walipanda treni kutoka miji ya mbali, na ukiwauliza watakwambia wamefuata Neno la Mungu. Uongo. Walifuata matangazo. Wakati wa mahubiri nusu yao walisinzia. Nikishika kipaza sauti mimi, hata watoto walinyamazishwa.

Matangazo yetu yalikuwa na ngazi zake, na aliyezipanga ni mwenyekiti wa baraza la wazee. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye suti tatu na sauti ya kusomea taarifa ya habari. Alituambia kila mara kwamba anafanya kazi "ofisini", ofisi ambayo katika miaka yote ile hakuna aliyeuona hata mlango wake. Kabla ya ibada nilimpelekea karatasi yangu naye akaipitia kwa kalamu. Akiugua daktari, au mtu mwenye nyumba yake mwenyewe, mwenyekiti aliandika pembeni: "Tumwombee kwa namna ya pekee." Akiugua mtu anayefagia treni, aliingia kwenye "na wengineo". Nimesoma "na wengineo" mara nyingi bila ulimi kunikwama. Niliipenda kazi ile, na sioni sababu ya kuficha. Nilipenda watu walivyonitazama, kana kwamba shahada zao na ndoa zao nimezitunga mimi.

Miongoni mwa wengineo alikuwapo dada mmoja wa Edmonton. Alinizidi miaka kumi na mitano hivi, na aliniita mdogo wangu. Kazi yake ilikuwa kuwaosha na kuwalisha vikongwe wa Kiingereza katika nyumba ya kulelea wazee. Mara nyingine alitoka shifti akaunganisha moja kwa moja hadi kanisani, macho mekundu, kitabu cha nyimbo ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na viatu vya kazini. Wanawake wengine tulikuwa na zamu za jikoni. Zamu yake yeye haikuisha.

Jumatano moja jioni alinipigia simu.

"Mdogo wangu, mama ametangulia."

Nikampa pole, nikamuuliza kama atasafiri. Akasema pasipoti yake iko uhamiaji tangu mwaka uliopita. Akiiomba sasa ili asafiri, huenda asirudi tena. Wangezika Jumamosi, na kaka yake angeshika simu pale kaburini ili naye asikie.

"Sitaki makuu," akasema. "Jumapili nisomee jina lake tu. Watu wasimame kidogo, waimbe ubeti mmoja wa wimbo alioupenda. Mama alikuwa Mlutheri tangu tumboni."

"Hilo tu, dada?"

"Hilo tu."

Akanitajia jina la ubatizo na la ukoo, herufi moja moja, kana kwamba mimi ni karani asiyejua majina ya kwetu. Nikaandika.

Jumamosi akazika kwa simu. Alikuja kunisimulia baadaye. Alinunua kadi mbili za kukwangua, zile za kupigia simu ng'ambo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasikia upepo, akasikia watu wakiimba kwa mbali, halafu udongo. Mchungaji wa kijijini alipoanza kuwataja watoto wa marehemu mmoja mmoja kuanzia mkubwa, sauti ya mwanamke wa kwenye kadi ikaingilia kwa Kiingereza, ikasema imebaki dakika moja. Simu ilikatika kwenye mtoto wa tatu. Yeye alikuwa wa tano.

Jumapili hiyo ilikuwa pia siku ya mwenyekiti. Binti yake alikuwa amepata shahada ya pili, na baada ya ibada sherehe ya mahafali ingefanyika ukumbini. Keki ilikuwa imetengenezwa kwa umbo la kofia ya chuo. Mabenchi mawili ya mbele yalifungwa utepe kwa ajili ya wageni rasmi, na wenye mabenchi hayo siku zote, vibibi wawili wasiosikia vizuri, walisogezwa nyuma ambako wasingesikia kabisa.

Nilimkuta mwenyekiti katika chumba ambamo mchungaji huvalia. Akasoma karatasi yangu, akasimamisha kalamu.

"Hii tuiache."

"Ipi, baba?"

"Hii ya msiba. Leo ni siku ya furaha, tuna wageni. Utaisoma mwezi ujao."

"Mama yake amezikwa jana, baba. Ameomba jina tu."

"Si unasema ameshazikwa? Basi haraka ya nini, dada katibu? Msiba hauozi."

Akapiga mstari, akanirudishia karatasi kwa tabasamu, kama mtu aliyenisahihishia tahajia. Mchungaji alikuwa pale pale akifunga vifungo vya kanzu. Huyu alikuwa kijana aliyekuja kusoma theolojia, na kila likizo alikula na kulala kwa mwenyekiti. Alisikia kila neno. Akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Nami nikasema, "Sawa, baba."

Dada wa Edmonton alikuwa ameketi benchi la nne, gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani. Nilipofika mahali ambapo kwa kawaida husomwa misiba, nikamwona ameshika mgongo wa benchi la mbele yake, ameanza kuinuka, maana kwetu mfiwa husimama akitajwa. Nikasoma: "Wanakwaya wanakumbushwa kuchukua vipimo vya sare." Akabaki nusu amesimama, nusu ameketi. Kisha akainama kana kwamba ameangusha kitu, akapapasa chini kwa muda, akaketi. Nikaendelea. Shahada ya binti niliitangaza mara mbili, mwanzo na mwisho, kama nilivyoelekezwa, na mara zote mbili vigelegele vilipigwa.

Baada ya ibada nilimkuta jikoni. Alikuwa amejifunga kanga juu ya lile gauni jeusi, anapakua pilau kwenye sinia.

"Dada, nenda nyumbani kapumzike. Nipe mwiko mimi."

"Niende nikakae na nani?" akasema. "Binti yangu yuko kazini mpaka jioni. Hapa angalau kuna watu."

Hakuniuliza kwa nini sikusoma. Mke wa mwenyekiti akachungulia dirishani mwa jiko kulalamika kwamba sinia la meza kuu limepoa, akamwona katika nguo zake nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Na kachumbari, mpenzi," akaondoka.

Sinia lile alilipeleka mwenyewe. Kati ya wageni wa meza kuu alikuwapo mama mmoja mtu mzima, shangazi wa mke wa mwenyekiti, aliyekuja London kwa ajili ya mahafali. Kumbe alitoka wilaya moja na huyu dada, na walifahamiana kwa wazazi. Akamshika mkono.

"Mwanangu! Mama hajambo? Tulisali naye Pasaka."

"Shikamoo, mama. Tumemzika jana."

Yule mama akapiga yowe. Si kilio cha London, kile cha kujifuta kwa tishu. Alipiga yowe la kwetu, la kuita jirani wa mlima wa pili, na sahani yake ikaenda chini. Muziki ukazimwa. Mwingereza mwenye funguo za ukumbi akaja mbio mlangoni akidhani kuna moto.

Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye keki, kisu mkononi. Nakiri kwamba alikuwa mwepesi. Kabla mtu mwingine hajafikiri la kusema, tayari ameshika kipaza sauti, na sauti imeshuka kufika pale inapokaa wakati wa maombolezo.

"Wapendwa, taarifa nzito imetufikia sasa hivi. Dada yetu mpendwa, nguzo ya usharika huu, amefiwa na mama mzazi." Akanigeukia, kisu bado mkononi. "Nasikitika kwamba baraza halikujulishwa. Dada katibu, ilikuwaje?"

Ukumbi mzima ukanitazama. Ile karatasi ilikuwa mkobani mwangu, na mstari wake juu ya jina. Ningeweza kuitoa.

"Ilinipitia," nikasema.

Watu wakanong'ona. Mama mmoja wa kwaya akatikisa kichwa kwa masikitiko, kwa uzembe wangu. Dada wa Edmonton akaniangalia, sinia mkononi.

"Hakuna neno," akasema. "Mdogo wangu ana mambo mengi."

Mchungaji akaomba, sala fupi. Kisha keki ikakatwa. Muziki ukarudishwa, ila kwa sauti ya chini, kwa heshima ya marehemu.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti aliongoza ujumbe wa kwenda kumfariji mfiwa. Tulikwenda na gari lake: yeye, mkewe, mchungaji na mimi. Hakuna aliyekuwa amempigia simu kuuliza kama atakuwepo, kwa kuwa mwenyekiti alisema kumtembelea mfiwa hakuhitaji miadi. Tulizunguka Edmonton kwa muda mrefu tukitafuta jengo, maana wote wanne, katika miaka yote ambayo alituoshea vikombe, hatukuwahi kufika kwake. Lifti ilikuwa mbovu. Tukapanda ngazi, mke wa mwenyekiti akilalamikia harufu.

Binti yake alifungua mlango. Tukamsalimu kwa Kiswahili, akaelewa, akajibu kwa Kiingereza kwamba mama yuko kazini mpaka saa mbili usiku, lakini tunaweza kuingia tumsubiri, atatupikia chai. Ilikuwa saa tisa. Mwenyekiti akatazama saa yake, akasema watu wa Mungu wana ratiba. Tukasali pale pale ngazini, mlango ukiwa wazi, televisheni ya jirani ikitangaza mpira. Mwenyekiti akamkabidhi binti maua tuliyonunua kituo cha mafuta njiani. Tukashuka. Sijui kama ilichukua dakika saba.

Ibada ya mwezi uliofuata, tangazo la kwanza alikuwa ameliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri: wazee wa kanisa walifika nyumbani kwa mfiwa, wakamfariji kwa Neno, wakashiriki naye chakula. Dada hakuwapo kanisani. Nilitazama benchi la nne, nikaona mtu mwingine ameketi. Nikasoma. Nikasoma vizuri, bila kukwama, kwa sauti ileile, na waliokuwa nami kwenye gari waliitikia "Amen" pamoja na wengine.

Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau nikiwa kwenye basi siku hiyo. Kuwadharau wale watatu ilikuwa rahisi, na hadi leo nawadharau bila taabu. Lakini wao walidanganya kwa mdomo wangu, nami niliwapa bure.

Alhamisi, siku ya mapumziko ya dada, nikapanda zile ngazi peke yangu. Alinikaribisha, akaweka chai. Nikamweleza yote: mstari, msiba hauozi, tangazo la chakula ambacho hakikuliwa. Alinisikiliza akikunja nguo za kazi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, dada?"

"Kwamba hukusahau. Wewe ulitangaza hata miwani ya mke wa mwenyekiti ilipopotea. Usahau mama yangu?"

"Mbona basi uliniambia hakuna neno?"

"Ulitaka niseme nini, na mikono imeshika sinia?" Akaweka nguo chini. "Nilikuonea huruma kidogo. Halafu nilipofika nyumbani nikaacha kukuonea huruma."

Akaniambia hatarudi Barking. Kazini kwake, akasema, kuna bibi wa Kiingereza wa miaka tisini, mkali, anayewatukana wahudumu wote. Siku ile ya Jumatano alimwambia bibi huyo kwamba mama yake amefariki, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa naye chumbani. Bibi alizima televisheni, akamuuliza jina la mama yake, akajaribu kulitamka. Hakuweza. Akajaribu tena.

"Basi," dada akasema. "Huo ndio msiba niliofanyiwa London."

Nikamwomba anifundishe ule wimbo aliotaka uimbwe. Akakataa. Alisema umeshapita.

Wiki hiyo nikampigia mwenyekiti kumwambia naacha ukatibu, na nikamweleza sababu, neno kwa neno. Alinisikiliza kwa upole wote. Ibada iliyofuata, nasikia, binti yake mwenye shahada mbili alisimama na kutangaza kwamba aliyekuwa katibu amepumzika kwa ajili ya afya yake. Kwa majuma mawili simu yangu haikukaa kimya: wanawake wa kwaya wakitaka kujua ni sukari au ni presha.

Dada alianza kwenda kwenye kanisa dogo la Waingereza karibu na kwake, saa nne asubuhi, watu kumi na tano na mpiga kinanda mmoja. Hakuniita, nami sikujialika. Lakini aliendelea kunipokea Alhamisi nilipokwenda, na taratibu alianza kunieleza habari za mama yake: jinsi alivyoogopa ng'ombe, jinsi alivyokuwa akimsonya mwinjilisti anapohubiri kupita kiasi. Pasipoti ilipotoka mwaka uliofuata akasafiri kuliona kaburi. Alirudi na kahawa kutoka shamba la mama yake, ameificha ndani ya soksi ili isimwagike sandukuni. Alinigawia nusu.