Bi Mishi Ameniomba Niwe Shahidi Wake

Assalam aleikum admin, na nyote mnaosoma. Wakubwa shikamooni, wadogo nawapenda. Sisi huku Mikindani hatujambo. Mume wangu hajambo, ndiyo kwanza amelala. Mama mkwe hajambo ila magoti tu. Binti yangu mkubwa hajambo, yuko kwa shangazi yake. Pacha wangu wawili wanacheza mlangoni, nao pia hawajambo. Wote hao hawajui kama naandika haya. Admin, jina langu lifiche, wallahi nakuomba, na majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, shule niliishia darasa la tano, nikikosea nisameheni.

Mume wangu kazi yake ni kuinua makontena kwa mashine, zamu ya usiku. Asubuhi akirudi anaoga, anakula, analala. Sasa nyumba yetu na ya Bi Mishi ukuta ni mmoja, na Bi Mishi ana mashine ya kusaga unga. Saa tatu inawaka, haizimwi mpaka magharibi. Vikombe kabatini vinacheza vyenyewe. Nimehamisha kitanda pembe zote nne, nimemziba mume wangu masikio kwa pamba, wapi.

Lakini huyo Bi Mishi ni mtu gani kwangu? Nilipojifungua pacha, mama yangu alikuwa mgonjwa Likoni, hakuweza kuvuka. Bi Mishi ndiye aliyenikanda arubaini nzima, na uji niliokunywa ni unga wake. Mpaka leo pacha wangu mmoja, wa kiume, Bi Mishi humwita "mume wangu", humuuliza mahari ameficha wapi. Mtu kama huyo unamwambiaje zima mashine yako?

Basi siku moja mume wangu alirudi, chai hakuigusa. Akaniambia, "Mke wangu, jana nimelala macho wazi. Kontena liko juu, na chini kuna watu." Akaniapisha nisimwambie mtu, maana kazini wakijua hana kazi tena.

Mimi ndipo moyo ukaniruka. Nilikuwa nimesikia redioni kuwa kaunti ina sheria ya kelele. Nikavaa buibui nikaenda ofisini. Nikamkuta dada mmoja mpole, nikamwambia sitaki mtu afungiwe, nataka mashine izimwe zile saa za adhuhuri mpaka alasiri tu. Akauliza kwa nini. Kwa upole ule nikamweleza yote, hata lile la macho wazi. Akaandika kwa Kizungu, nikatia sahihi. Nilishindwa kumwambia Bi Mishi kwa mdomo, nikaenda kumwambia kwa karatasi.

Wiki haikuisha wakaja, na kidude kama simu kubwa. Wakakielekeza kwenye mashine, wakasoma namba, wakasema imepita kiwango cha mahali wanapoishi watu, tena kibali hana. Wakaifunga kwa mnyororo mpaka shauri lisikizwe ofisini Jumatano hii inayokuja. Bi Mishi amesimama, unga mpaka kwenye kope, akasema, "Miaka yote ilikuwa sauti ya chakula, leo imekuwa kelele." Halafu akanigeukia mimi, nimeuma ncha ya leso yangu. "Na huyo aliyeshtaki angeniambia tu. Mimi mwenyewe adhuhuri hutaka kulala."

Ndugu zangu, laiti ardhi ingenimeza.

Na si hilo tu. Kuna mpangaji wa kutoka bara, nitamwita Mama Brayo. Zamani aliwahi kutania pale mashineni kwamba masikio yetu yatakwisha, iko siku ataiita kaunti. Bi Mishi akamjibu waite, lakini waje na mahindi yao. Tukacheka wote. Sasa mtaa mzima unasema ni yeye. Salamu zake haziitikiwi. Mwenye nyumba wake ni mpwa wa Bi Mishi, amemwambia mwisho wa mwezi ahame na watoto wake. Jana nilimkuta anaanua nguo, akaniambia, "Mama, ni wewe tu bado unanisalimia."

Nimerudi ofisini kisirisiri nifute yale maneno. Yule dada akasema hayafutiki, lakini nikifika mwenyewe Jumatano nikasema nilitaka saa za mchana tu, mashine yaweza kufunguliwa ikapangiwa saa zake. Ila nikifanya hivyo, maelezo yangu yatasomwa mbele ya wote watakaokuja. Na nusu ya mtaa huu wanafanya kazi yadi moja na mume wangu. Yakisomwa, kazi yake imekwisha, na pengine ndoa yangu pia. Nikinyamaza, Bi Mishi mashine yake imekwenda, na Mama Brayo anahama kwa kosa langu.

Leo asubuhi Bi Mishi amekuja na uji wa pacha. Unga wa pakiti, wa dukani, na akaomba radhi kwamba si wake. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye ukuta wangu. Jumatano twende pamoja, useme kelele haikudhuru kitu. Wewe watakuamini." Nikamjibu inshallah.

Mume wangu sasa analala mpaka anakoroma. Mimi ndiye nisiyelala. Nishaurini, hasa nyinyi kina mama wenzangu, nikifika huko nikae upande gani, na niseme nini? Nijibuni upesi, leo ni Jumapili tayari. Bi Mishi ameniazima buibui lake jipya nivae siku hiyo. Limetundikwa hapa mlangoni, naliangalia nikiandika.