Wimbi la Uzi wa Bluu

Juzi, nikipanga kabati la marehemu mama, nilikuta kitambaa chake cha ukutani, kile alichodarizia manowari ya kale yenye matanga na mizinga. Bado kilinukia dagaa.

Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Kisorya, kando ya ziwa. Baba alikuwa amevuka kwa mtumbwi kwenda kisiwani Ukerewe, upepo ukaanza kupiga mabati, na mama akakaa mlangoni kudarizi maji chini ya meli ile. Kila alipovuta uzi wa bluu nilisikia ziwa likinguruma zaidi. Niliamini ni yeye anayelichafua.

"Mama, usiongeze mawimbi," nililia. "Baba atazama!"

"Nyamaza, mwanangu. Baba yako anachelewaga tu," alisema bila kuinua macho. Sindano haikusimama.

Baba alifika giza likianza kuingia, amelowa chapachapa. Mama alikunja kitambaa, akaenda kusonga ugali kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwona ana moyo mgumu.

Juzi nilikigeuza kitambaa. Chini ya meli, mahali pamoja, nguo ilikuwa imechakaa kwa matundu ya sindano. Mama hakuongeza mawimbi. Alasiri yote ile alishona wimbi lile lile, akalifumua, akalishona tena.