Mbuzi Aliyemutukana Chui Katika Redio

"Matako, Ba Kapembwa! Alisema matako mu redio, inchi yote inasikia, hata bazungu!"

"Bazungu hawajui Kibemba, Bashi Febby."

"Mungu anakijua!"

"Mungu njo aliyaumba, Bashi Febby. Hayatamushitusha."

Mzee Chalwe, baba yake Febby, aliruka pale mukekani kama mutu aliyekalia mwiba wa samaki. Alikuwa amevaa koti la Jumapili, na siku ile ilikuwa Jumanne. Mbele yake iliwekwa sahani ya posa, imefunikwa kitambaa cheupe, ndani yake ushanga na jembe dogo, vile vile ilivyoletwa na Kapembwa wakati Febby alipochumbiwa. Wote waliokaa pale walijua maana yake: sahani ikirudishwa, hakuna ndoa.

Nyuma ya Kapembwa, mushenga wake, alikaa mwenye kesi, Chisenga, mucheza mupira wa migodini. Alikunja miguu yake mirefu na kutazama chini. Haruhusiwi kusema. Ndiyo desturi ya posa: anayeoa anasemewa na mushenga, yeye anakaa kama gunia la muhogo. Mudomo uliosikika kutoka migodini mpaka ziwani sasa ulikuwa umefungwa.

Nyuma ya nyumba Febby alikuwa anatwanga. Chisenga alimusikia. Alisikia pia kwamba kinu kilikuwa kitupu, maana unga hautoi sauti ile. Musichana alikuwa anatwanga hasira yake, na Chisenga hakujua ni hasira juu ya baba au juu yake yeye.

Chisenga huyu ni mutoto wa hapa hapa Kashikishi. Alizaliwa mutumbwini, mama yake akirudi kutoka kwenye nyavu, na alikuja miguu mbele. Mukunga alipigwa teke la taya, na mpaka leo anatafuna upande mumoja. Alipokua alicheza mupira wa matambara na kamba za nyavu kuukuu, kati ya vichanja vya kukaushia samaki. Siku moja aliupiga ukavuka ziwa lote ukaangukia Congo, ukaua bata wa mukubwa wa askari. Wabelgiji waliufunga mupira ule gerezani, kwa sababu uliingia inchi yao bila kibali. Anayebisha avuke aende Kilwa, ile ya ng'ambo ya Congo, akauulize mwenyewe.

Sifa ile ilifika migodi ya shaba. Walimuita, wakamuandika kazi ya kufagia. Ufagio wenyewe hakuwahi kuonana nao. Kazi yake ilikuwa mupira, asubuhi na jioni, na mushahara ulikuwa wa mufagiaji aliyefagia dunia nzima. Akirudi likizo anashuka kwenye lori na viatu vya rangi mbili, na mafuta ya nywele ambayo inzi akitua juu yake anateleza mpaka sikioni.

Kule migodini walimufundisha pia kusema na watu wa redio. Wachezaji wote wanafundishwa, na masomo hayo hayachoshi mutu: jisifu, mushukuru Mungu, mulaumu refa. Basi. Miguu yao inapelekwa shule kila siku. Mudomo unaachwa nyumbani uchunge mbuzi.

Siku ya fainali Chisenga alifunga goli ambalo golikipa wa timu ile nyingine bado analitafuta. Kipenga kilipolia, mutu wa redio alikimbia uwanjani akivuta waya nyuma yake kama mutu anayevuta ng'ombe mubishi. Akamusogezea kile chuma cha kusemea mpaka puani.

"Chisenga, watu wako wa kule ziwa Mweru wanakusikiliza sasa hivi. Wasalimie!"

Mutu wa kwingine angesema hamujambo, akaenda kuoga. Lakini Chisenga ni wa ukoo wa Mbuzi. Na Febby, kama mama yake na kama bibi yake, ni wa ukoo wa Chui. Mbuzi na Chui ni watani tangu wazee walipovuka mito kuja huku. Salamu yao ni matusi. Chui akifa, Mbuzi ndiye anayebeba maiti, na anaitukana mpaka kaburini, na wafiwa wanamushukuru. Mbuzi akimusalimia Chui kwa upole, Chui anaenda nyumbani akijiuliza amekosa nini.

Na mukubwa wa Chui wote wa pwani hii alikuwa Kambo Chabu wa Mofwe, na kambo kwetu ni bibi: ndiye aliyemulea Febby. Chisenga, moyo ukiwa umejaa na magoti yakiwa yanavuja damu, alitaka kumupa heshima kuliko watu wote. Akaanza na yeye.

"Kambo Chabu! Chui kizee! Ungali hai? Meno yameisha, siku hizi unawinda konokono, na konokono wanakushinda mbio! Madoa yako yote yamehamia matakoni kwa sababu ya kukaa, na matako yenyewe yamebaki mafupa mawili yanagombana!"

Yaliyofuata yalitaja ushuzi, kamasi, na shimo ambamo bibi yule angezikwa, na kwa nini lingepaswa kuwa pana upande mumoja. Mutu wa redio alivuta chuma chake. Chisenga alikifuata, kwa sababu alikuwa hajamaliza.

Huku Kashikishi watu walikuwa wamejaa mbele ya duka la Ba Watson, ambaye redio yake ni ya mviringo kama sufuria. Chalwe alikuwa mbele ya wote. Yeye ni mzee wa kanisa, na siku ile alikuwa amebeba benchi la kanisa kichwani mwake mwenyewe, akaketi juu yake, akasema kwa kila aliyepita, "Kaa usikilize mukwe wangu." Hata wauza samaki wa kutoka Kabuta aliwasimamisha na baiskeli zao. Matusi yalipoanza alifikiri ni redio imeharibika. Akaipiga kofi. Ikatukana zaidi.

Wanawake wa ukoo wa Chui walipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye vichanja. Wengine wote walishika vinywa. Chalwe yeye ni wa ukoo wa Uyoga. Hana utani na Mbuzi wala na Chui. Alibeba benchi lake, akarudi nyumbani, na njia nzima watoto walimufuata wakiimba neno lile.

Kesho yake wazee wa kanisa walikutana kulihukumu. Sasa neno haliwezi kuhukumiwa kama halijulikani, kwa hiyo mumoja alilazimika kulisema. Wa pili akasema hapana, haikuwa hivyo, akalisema vizuri zaidi. Wa tatu aliongeza kamasi zilizosahauliwa. Walikaa mpaka jua likashuka, na waliopita nje walisema hawajawahi kusikia ibada yenye matako mengi namna ile. Wanawake wa sala nao walikutana, juu ya neno lile lile, na hao hawakutaka kufunga mukutano.

Ndiyo maana Chalwe aliruka pale mukekani.

"Bashi Febby," Kapembwa alisema, akipiga makofi polepole ya heshima, "yule mutoto alisalimia. Alisalimia tu. Ni Mbuzi na Chui. Hata mutoto wa kunyonya anajua."

"Utani minaujua! Usinifundishe utani. Utani ni ku matanga, ni ku pombe."

"Na weye, mamba ilipopasua wavu wako kule Kabuta, ulisema nini? Mitumbwi yote ilisikia."

"Nilikuwa ninasema na mamba!"

"Ulitaja mama ya mamba."

"Mamba haiko mukristo!"

Ndani ya nyumba mutu alikohoa. Alikuwa Bana Febby, muke wa Chalwe. Mama mukwe na mukwe wake hawatazamani uso kwa uso, kwa hiyo alikaa nyuma ya mulango, mugongo nje. Chisenga aliusikia ule ukohozi vizuri. Alidhani ulikuwa na kicheko ndani yake, na moyo wake ukapanda kidogo. Kama Chui wa nyumbani anacheka, bado kuna njia.

Lakini Chalwe naye hakuwa mujinga. Alikaa chini, akafunga koti, na alipoanza tena sauti yake ilikuwa imepoa. Ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Ba Kapembwa, minakuuliza neno moja. Mbuzi akitukana Chui, Chui anafanya nini?"

"Anarudisha."

"Wapi?"

"Pale pale."

"Na asiporudisha? Kama anamufunga mudomo kwanza, kisha anamutukana?"

"Pale... pale haiko utani tena."

"Ni nini?"

"Ni tusi," Kapembwa alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

"Ni tusi! Sasa unieleze. Yule mama alikaa kule Mofwe, ku nyumba ya mwalimu mwenye redio. Alitukanwa mbele ya inchi nzima. Angejibu namna gani? Angeingiza kichwa mu ile sufuria? Angeita mu waya? Mutoto wako alisema na akaenda kuoga! Tangu siku ile hakuna habari kutoka Mofwe. Hata salamu. Banasema amelala tu, anatazama ukuta, anakataa ugali. Mama ya muke wangu! Akikufa, nitaeleza watu nini? Eti aliuawa na mupira?"

Kapembwa alitazama vidole vyake, kama kwamba jibu liliandikwa kwenye kucha.

Na Chisenga, nyuma yake, aliinua kichwa akamutazama Chalwe kwa mara ya kwanza. Siku zote hizi alikuwa anamucheka Chalwe kimoyomoyo: Uyoga wa watu, anajua nini? Sasa aliona kwamba Uyoga alikuwa na haki. Hakuwa amefikiria hata mara moja kwamba chuma kile kinapeleka na hakirudishi. Aliuona uso wa bibi yule mbele ya sufuria ya mwalimu, ana jibu tayari ulimini, jibu zuri, jibu la kumuangusha Mbuzi chini, na hakuna mahali pa kulitupa. Watu wanamutazama. Halafu matangazo ya sabuni. Ni kama kumupiga mutu aliyefungwa kamba, kisha kuinua mikono juu ili ushangiliwe.

Alitaka kusema. Alitaka kutambaa mpaka mulangoni pa Bana Febby aombe njia ya kwenda Mofwe kwa miguu, usiku huo huo, akalale mulangoni kwa bibi akatukanwe mpaka asubuhi. Alimuvuta Kapembwa shati. Kapembwa alimupiga kofi la mukono bila kugeuka. Kule nyuma kinu kilinyamaza.

"Mumeona?" Chalwe alisema. "Hata mushenga amekosa neno. Na miye sitaki kusema mingi. Mutoto yangu haendi kulala na mutu ambaye akifurahi anatukana bibi yake. Akikasirika atafanya nini? Leo bibi, kesho mama yake, kesho kutwa Febby mwenyewe, na sisi tutakaa kwa Watson tunasikiliza!"

"Bashi Febby, mupe mutoto nafasi aende Mofwe kuomba—"

"Ataenda na chuma? Ataenda na waya? Inchi yote ilisikia tusi, nani atasikia kuomba kwake? Kuku?"

Chalwe alinyoosha kitambaa juu ya sahani. Alikinyoosha vizuri, pembe kwa pembe, kama mutu anayefunika maiti. Kisha akaishika kwa mikono miwili. Chisenga alitazama mikono ile ikiinuka. Alikuwa amesimama mbele ya magolikipa wakubwa wa inchi hii bila kuogopa, na sasa aliogopa sahani yenye kitambaa.

"Basi," Chalwe alisema, "mbele ya Mungu, na mbele ya Ba Kapembwa aliyeleta sahani hii, miye Chalwe, baba ya Febby, ninasema kwamba huyu Chisenga, tangu leo, kwa nyumba yangu—"

Baiskeli ilianguka nje kwa kishindo, samaki wakavu wakamwagika, na mutu akalia, "Polepole, Kambo, utavunja mugongo!" Mulango wa ua wa matete ulisukumwa na fimbo. Kambo Chabu aliingia, vumbi la njia yote ya Mofwe usoni mwake, nguo imefungwa juu ya magoti kama mwanamuke anayekwenda kupigana. Hakubisha hodi, hakusalimia. Alisimama katikati ya kikao, kati ya Chalwe na sahani na wengine wote, akavuta pumzi ndefu kwa pua.

"Harufu ya mbuzi," akasema. "Imenipokea toka Kabuta. Yule mutoto wa baiskeli alifikiri ni samaki yake inaoza. Iko wapi? Simama, mbuzi, simama nikuone vizuri! Ulifikiri nitakujibu mu sufuria ya mutu? Nililala ninatazama ukuta, ninayatafuta, kisha nikaamuka, nikasema, haya siyo ya kutuma, haya ninapeleka mwenyewe. Nimeyapanga njia nzima. Nitaanza na kwato zako, nitapanda pole pole, na nikifika ku matako nitapumuzika, maana pale kuna kazi!"

"Mama," Chalwe alisema, sahani bado iko hewani, "tulikuwa tunasema kwamba—"

"Weka sahani chini, Uyoga, usiingilie: hapa Chui anarudisha salamu yake!"