Nilidhani Breki Zinanisalimia Mama Mwamini

Mimi njo niliyekosa. Nasema mapema, ili msianze kunihurumia na baadaye mkajuta. Jina langu acheni lijifiche, maana Kindu ni ndogo na midomo yake ni mikubwa.

Niliamini kwamba breki za gari la kifahari hulia kwa heshima. Ndiyo, someni tena! Mimi, mtu mzima, mwenye diplome ya masomo ya jioni iliyotundikwa ukutani kwa misumari minne, ukubwa wake kama mlango!

Sikuitunga mwenyewe. Wakati wa vita mji wetu ulikuwa umezibwa kama chupa. Treni hakuna, barabara zimeliwa na pori, sisi sote miguu na baiskeli. Motokari iliyotembea ilikuwa moja, jip nyeusi ya mkubwa mmoja wa wanajeshi, viti vya ngozi, vioo vya giza. Kila iliposimama ililia: kiiiiii! Sauti ile ilifika Kalima, mji wa mbali kabisa, nawaambia, na kuku wa huko wakaacha kutaga.

Watu wakasema hiyo ni salamu. Eti huko kiwandani, jip ya mtu mkubwa huwekewa chuma cha kumsalimia anaposhuka, na ya mtu mdogo huachwa bubu. Eti chuma chenyewe kina bei kuliko injini. Ukisikia kiiii, unavua kofia. Mjomba wangu hakuvua, akazabwa kofi mbele ya soko zima. Baada ya kofi lile, nani angebisha?

Vita vikapita. Nikasoma jioni, nikapata diplome ya biashara, na kwa kuwa biashara yenyewe sikuwa nayo, nikawa shofere. Niliendesha jip ya Mama Mwamini, mfanyabiashara wa mchele na mafuta ya mawese. Hakuinunua kwa majivuno. Mgongo wake ulikuwa umechoshwa na pikipiki, alitaka kiti tu. Majivuno nilimletea mimi.

Miezi ya kwanza jip ilikuwa kimya, na mimi niliona haya kwa niaba yake. Kumbe! Asubuhi moja, mbele ya msikiti, nikakanyaga breki: kiiiiii! Machozi yalinitoka.

"Mama, umesikia? Imekutambua!"

"Imenitambua nini?"

"Ukubwa, Mama!"

Akacheka, akaweka sawa mtandio wake. "Basi ilichelewa."

Tangu siku hiyo nilifunga breki pasipo sababu. Mbele ya soko, kiiii! Mbele ya nyumba za wenzangu wa masomo ya jioni, kiiii! Mbele ya mbuzi aliyelala zake, kiiii! Taa ya rangi ya chungwa ikawaka karibu na usukani, nikaona ni pambo, jip inavaa hereni.

Karibu na gare, stesheni ya treni, alikuwa fundi Ramazani, mtu mpole, garaji yake turubai moja na sanduku la funguo. Siku moja alinijazia upepo magurudumuni, nikasogea kidogo nikakanyaga breki; alisikia kilio kile akasimama wima.

"Shofere, acha hii motokari hapa. Nitoe magurudumu, niangalie freni, breki zako hizi."

"Fundi, weye ulisoma mpaka wapi?"

"Primaire ya tano."

"Mimi iko na diplome. Hii ni sauti ya heshima. Weye umezoea baiskeli, hauwezi kujua."

Wanaume waliokaa pale wakacheka hadi wakashikana mabega. Ramazani akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole.

"Sawa, kaka. Siku moja diplome yako njo itasimamisha hiyo motokari."

Nikaondoka. Na kwenye kona, kusudi kabisa, kiiiiii!

Kesho yake tulikuwa tunateremka kwenye kivuko cha mto Lualaba, Mama nyuma, mimi nimenyoosha shingo kama jogoo. Sauti ilikuwa imebadilika, sasa inasaga kama mawe katika kinu. Nikamwambia Mama inasalimia kwa sauti nzito, kiume. Nikakanyaga. Mguu ukazama hadi chini, kama nimekanyaga tope.

Ee Mungu wangu! Watu wakaruka huku na huku. Tukapiga lundo la magunia ya mihogo, tukaingia mtoni hadi kwenye taa. Diplome haikusimamisha kitu. Mama Mwamini alitolewa kwa mlango wa nyuma, mkono wake umevunjika, unaning'inia.

"Umefanya nini, mutoto wangu?"

Hapo njo kosa lenyewe. Ujinga ningesamehewa. Lakini nilifungua kinywa hiki, nikasema:

"Si mimi, Mama. Ramazani njo aligusa magurudumu jana."

Na kweli aliyagusa, kujaza upepo! Uongo wangu ulivaa nguo za ukweli, ukaaminika palepale. Ramazani akalala mahabusu. Wale wale waliocheka wakatoa ushahidi, kwamba ndiyo, walimwona ameinama gurudumuni. Alipotoka, hakuna mtu aliyemletea hata toroli. Akakunja turubai, akavuka mto, akaenda kuziba baiskeli Alunguli.

Mama akaagiza vipuri kwa ndege. Fundi aliyevifunga aliona wazi kilichotokea, lakini alinyamaza, maana mshindani wake alikuwa ameshavuka mto. Kazi yangu ikabaki. Nikaendelea kula wali wa Mama Mwamini, na kila akipokea sahani kwa ule mkono uliopona umepinda, mimi niliinamia yangu.

Miezi ikapita. Juzi, mbele ya msikiti uleule: kiiiiii!

Mama akauliza kutoka kiti cha nyuma, taratibu:

"Ramazani amevuka kuja kuigusa tena?"

Nilitokwa na jasho la kujaza mapipa matatu. Nikasimama kando, nikamwambia yote. Hakupiga kelele, afadhali angepiga! Alinyoosha mkono uliopinda, akachukua ufunguo.

"Enda umlete. Kwa mtumbwi. Gari langu wewe hutaligusa tena."

Nilimkuta Ramazani akiziba tairi la baiskeli. Nikaongea, nikalia, nikaongea tena. Alimaliza kuziba, akajaza upepo, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Mambo haya utayasema mbele ya wale waliocheka."

Nikayasema, karibu na gare, kichwa chini, wote wakisikiliza. Safari hii hakuna aliyecheka. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Turubai imerudi mahali pake. Kazi yangu haikurudi, na ni haki.

Nyinyi wenye magari ya kung'aa, na nyinyi mnaowaendesha wenye magari ya kung'aa, nawasihi! Gari likilia, msimuulize fundi alisoma mpaka wapi. Mpeni gurudumu alitoe. Na mkikosea, vyombo vivunjike, lakini msitupe kosa lenu juu ya mtu mpole kwa sababu tu hana makelele.

Siku ile nilipokiri, Ramazani alitoa gurudumu la jip ya Mama mbele yetu. Akachomoa plaketi, kile kipande kinachobana sahani ya chuma ili gurudumu lisimame. Kilikuwa kimelika, kimebaki chembamba kama biskuti. Pembeni yake palichomoza kiulimi kidogo cha chuma. Akakigusa kwa ncha ya bisibisi.

"Haisalimie mutu, kaka. Plaketi ikikaribia kuisha, haka kachuma kanagusa sahani, kanalia, ili shofere aje kuibadilisha. Njo ile tu."

"Na yule mukubwa wa wakati wa vita?" nikauliza. Wazee wawili wakasogea kusikia. Mmoja alikuwa mjomba wangu.

"Naye plaketi zilimuishia. Wakati ule ndege zilikuwa zinakuja kubeba madini yetu tu, hazikuwa zinaleta plaketi."