Lokole Kwenye Wi-Fi ya Makumbusho

Niliondoka Kindu kwa sababu sauti zilikataa kupita kwenye mtandao. Makumbusho madogo ya Kisangani yaliniomba masimulizi ya vitu vyake, ili mgeni ajiunge na Wi-Fi, asimame mbele ya kitu na kukisikiliza kwenye simu yake. Niliandika kwa moyo wote. Niliweka pia sauti ya lokole, ngoma ya gogo inayopeleka habari mtoni. Mpigaji mmoja wa Walokele, watu wa mtoni, alinipigia tangazo la msiba wa zamani. Mafaili yakawa mazito, na kwa sababu ya vita ndege haziruki. Basi mambo ya kidijitali nikayabeba kwa mashua ya mbao.

Kutoka Ubundu, ambako mashua hukomea, nilipanda pikipiki. Kwenye kizuizi, askari aligonga sanduku langu.

“Iko nini?”

“Mtambo wa Wi-Fi.”

“Bon, washa.”

“Hapa porini?”

“Kama iko Wi-Fi ya kweli, itawaka.”

Nilisimama kwenye matope hadi alipochoka kunicheka.

Kisangani, asubuhi, Papa Anicet, mlinzi wa makumbusho, alikuwa ameazima spika za kanisa.

“Papa, mgeni anasikiliza kwenye simu yake.”

“Na mutu wa barabarani, utamuita na nini?”

Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi, alichagua lokole mwenyewe, akafungulia sauti hadi mwisho. Mto wote ukasikia.

Mara akaingia mama mmoja mbio, kitenge kikimdondoka. Ni Mama Lisette, Mlokele, muuza samaki wa ufukweni.

“Dido amekufia wapi?”

Ngoma ilikuwa imetaja jina la ukoo wake, na katika ukoo huo aliyekuwa vitani ni mmoja tu: Dido, mwanawe.

“Mama, hapana mutu amekufa,” alisema Papa Anicet. “Ile iko machine.”

“Lokole haina uwongo!”

Nikaomba nywila ili tumpigie Dido.

“Code iko ya wenye tiketi…”

“Papa!”

Nywila ilikuwa jina zima la makumbusho. Niliikosea, nikaikosea tena, huku lokole ikiendelea kutangaza msiba juu ya vichwa vyetu. Hatimaye Dido akapokea.

“Mama, unalia nini? Niko nafua nguo.”

“Unafua nguo! Na simu yangu hupokeake?”

Nikazima spika. Mama Lisette akatazama mto: waombolezaji walikuwa tayari wakivuka kwa pirogi, mitumbwi yao.

“Tuwaandikie WhatsApp,” alisema Papa Anicet.

Mama alikwenda kwenye lokole ya maonyesho. Alikiondoa kibao cha “Usiguse”, akashika fimbo, akaipiga lokole yenyewe kama baba yake alivyomfundisha. Pirogi moja ikageuka. Nyingine ikaja tu, kumgombeza Papa Anicet.

Nilirudi Kindu nimechoka na nimenuna, lakini nimejifunza: sauti niliyoiita maonyesho bado ilikuwa na watu wake. Kabla ya kuondoka nilirekodi mapigo ya Mama Lisette. Sasa kila anayejiunga na Wi-Fi ile husikia kwanza kwamba Dido yu hai. Mama ameniagiza nisiyafute hadi Dido arudi nyumbani.