Nta kwenye Kengele ya Mgori

Basi lilimshusha mgeni Mgori, asikomjua mtu. Mlangoni mwa mnara wa kanisa alimkuta Dina, mtunza kengele kwa miaka ishirini, akishuka na ndoo ya asali.

"Shikamoo, mama. Mnafugia nyuki kanisani?"

"Marahaba. Ni ujinga wangu. Grisi iliniishia, nikapaka chuma cha kengele nta, kama tunavyopaka mizinga mipya. Nyuki nao wakahamia! Leo ndiyo tumewatoa. Kesho binti yangu Jesca anaolewa, na ameapa haingii kanisani bila kengele."

Dina alivuta kamba kuijaribu. Kengele ikalia, nzito na safi. Ng'ambo ya mashamba ya alizeti vigelegele vikajibu.

"Huyo ni bibi harusi mwenyewe!" Dina alicheka. Akamwachia mgeni sega la asali, akashika njia ya nyumbani, karibu akimbie.