Ndizi za Bibi Ndani ya Handaki

Wiki iliyopita nilimwita fundi achimbe shimo la choo nyuma ya nyumba yangu. Alipozama mpaka kiunoni aliinua kichwa akauliza, "Mama, niendelee au linatosha?" Nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha chai, nacheka peke yangu kama mwehu. Udongo mbichi ukichanganyika na majani makavu ya mgomba una harufu moja tu kwangu, nayo ni Krismasi ya mwaka wa vita.

Wewe unanifahamu, mimi si mtu wa safari. Safari yangu ndefu siku hizi ni Nyakanazi kununua vitunguu, na kabla sijashuka kwenye gari nimeshaanza kukikumbuka kiti changu. Lakini harufu ile ilinichukua bila nauli mpaka kijijini kwetu, upande wa Kaniha, nikiwa darasa la kwanza na pengo mbele.

Nyumba za kijiji cha ujamaa zilipangwa mstari kama wanafunzi wakati wa kukaguliwa kucha. Baba na mama walikuwa vijana wabichi kabisa. Nikihesabu sasa, baba wakati ule alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, ambaye mpaka leo ananiuliza soksi zake ziko wapi. Hatukuwa na kitu, ila mimi sikujua kwamba hatukuwa na kitu. Sabuni ilipopotea dukani, mama alifulia majani ya mpapai. Sukari ilipopotea, tulikunywa chai na kipande cha muwa mkononi: unatafuna, unakunywa, unatafuna. Gauni langu la sikukuu lilitokana na kitenge cha mama, kile cha mama kilitokana na shuka, na shuka sijui ilitokana na nini. Nilijiona malkia.

Jambo moja tu lilimnyima mama raha. Kanisani alikaa benchi la nyuma, mahali pa watu ambao ndoa zao hazijabarikiwa, na wenzake walipoinuka kwenda kukomunika yeye alibaki akinirekebisha kola ambayo haikuwa na kasoro. Baba alimtorosha, ndiyo habari yenyewe. Kwetu, kijana akimtorosha binti, sharti siku moja apeleke rubisi, pombe ya ndizi, kwa wakwe kuomba radhi, na rubisi hiyo hainunuliwi wala haiazimwi. Mkosaji mwenyewe na mkewe wakate ndizi, waziivishe, wazikamue kwa mikono yao. Miaka minane baba hakupeleka. Mara migomba imebaki mahameni tulikohamishwa, mara mvua imekataa, mara, nadhani, aliogopa tu. Babu alikwishafariki, na kinyongo chote kikarithiwa na bibi mzaa mama, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona ingawa aliishi kijiji cha tatu kutoka kwetu.

Katekista alisema bila ndiyo ya bibi padri hataibariki ndoa hiyo. Na padri alifika kwetu kwa nadra. Safari hii alitazamiwa Krismasi. Mama alikuwa mjamzito. Nilimsikia akimwambia baba, "Huyu sitamzalia benchi la nyuma."

Basi baba akaenda mahameni, akarudi na mikungu kichwani siku tatu mfululizo, shingo imeingia mabegani. Kilichobaki ni shimo la kuivishia: unalichimba, unalipasha moto, unatandika majani makavu, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo, unasubiri.

Hapo ndipo vita ilipotuingilia. Redio ya mwenyekiti wa kijiji ilisema habari za nduli aliyeivamia nchi yetu kutwa kucha. Mimi nilidhani nduli ni mnyama, jamaa ya fisi, na nilishangaa kwa nini anahitaji ndege. Balozi wa nyumba kumi akatoa amri kila kaya ichimbe handaki. Baba alitazama jembe, akatazama anga, akalitanua shimo la ndizi.

"Mashimo mawili yana kazi mbili," mama alimwonya.

"Mke wangu, ndizi ni siku tano tu. Nduli hawezi kusubiri siku tano?"

Siku ya ukaguzi ndizi zilikuwa zimeshalala humo, zimefunikwa vizuri. Balozi alilizunguka lile shimo, mikono mgongoni, akawaita majirani. "Tazameni ndugu yetu alivyolificha kwa majani! Hata ndege ikishuka kuuliza njia, haitaliona. Hili ni la nyumba kumi zote. Mfano wa kuigwa!" Mtu yule alikunywa rubisi tangu aache kunyonya, tena alisimama juu ya shimo la ndizi linalonukia, asilitambue. Mpaka leo sielewi. Na baba, ambaye hakuwahi kusifiwa na mtu yeyote, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, akazipokea sifa. Hilo nalo sielewi, ingawa nimerithi.

Zilibaki siku nne kufika Krismasi, na kesho yake ilikuwa siku ya kufukua. Asubuhi nikiwa nachambua maharage tukasikia mngurumo juu ya mawingu. Balozi akapiga debe. "Handakini! Handakini, ndugu zangu!" Nikaona watu wanakuja uani kwetu mbio, kina mama na watoto, mzee wa jirani na godoro lake, balozi mbele.

Mama alitoka jikoni na tumbo lake, mikono ameitandaza. "Si humo! Jamani, si humo!"

"Ingia wewe, unamwonea nani haya?" balozi akamjibu, akaruka.

Alizama mpaka kifuani. Wakamfuata wote kama walivyofundishwa, na ndizi zilizoiva zikaanza kulia chini yao kama matope. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba amelowa damu. Mwingine akailamba, akasema damu ni tamu. Baba alisimama ukingoni akirudia, "Poleni, poleni sana," kama mwenye nyumba ambaye wageni wamemkuta chakula hakijaiva. Ndege ikapita. Ya kwetu au ya adui, ya wanajeshi au ya wamisionari, sijapata mtu wa kuniambia. Nilichoona ni mama amekaa chini analia, nami nikachanganyikiwa kabisa: bomu halikuanguka, sasa analilia nini?

Jioni baba na mama walijaribu kukamua kilichobaki. Mama alionja, akatema, akamwaga. "Siwezi kumpelekea mama yangu maji ya miguu ya balozi."

Mkesha wa Krismasi tulikwenda mikono mitupu. Balozi alikuja kuwa msemaji wetu, maana mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumsemesha, na maana alikuwa na aibu. Tulisimama uani kwa bibi. Mwombaji radhi haingii ndani mpaka kibuyu chake kipokelewe, na sisi kibuyu hatukuwa nacho. Baba aligeuzia uso migomba.

Bibi alitoka. Mwembamba, kiko cha tumbaku mdomoni. "Kibuyu kiko wapi?"

Balozi akaeleza. Alianza na usalama wa taifa, akaja kwenye ndege, akamalizia kwa sauti ndogo na ndizi. Bibi hakumtazama. Alimuuliza mama, "Ndege ilipopita, wewe ulijificha wapi?"

"Sikujificha, mama. Shimo lilikuwa na ndizi zako."

"Na tumbo hilo?"

"Na tumbo hili."

Bibi akakung'uta kiko chake. Kisha akanishika mkono, akaniingiza ndani, akaniwekea maharage na ndizi, akawaacha wale wote wamesimama juani. Nilikula nikiwatazama mlangoni, sijui kama tumekaribishwa au nimetekwa. Nilipolamba sahani akasema, "Kawaambie waingie. Wasije wakanifia uani."

Kesho yake kanisani, mbele ya padri, katekista alipouliza kama mzazi anakubali, bibi alijibu kutoka kati ya wanawake, "Ningekuwa sikubali, ningetembea mwendo wote ule?" Kanisa likacheka. Mama akaenda mbele, tumbo limetangulia.

Siku hizi mistari ya nyumba imevunjika, kila mtu amejenga anakotaka, na posa zinakwenda na kreti za bia. Mashimo ya ndizi ni ya kutafuta. Na wakuu wangu wale hakuna aliyebaki wa kunieleza kilichotokea hasa pale uani.

Niliwahi kumuuliza bibi alimsamehe baba lini. "Nani kakwambia nimemsamehe?" alinijibu. "Niliogopa ndege." Baba naye alilichukulia jambo hilo kwa uzito wote. Kila Krismasi alikata, akaivisha, akakamua, akampelekea. Bibi alionja, akapangusa mdomo, akasema, "Hii ni ya mwaka huu. Ile bado." Kisha akainywa yote.

Mwaka aliofariki bibi, baba alikamua kama kawaida. Asubuhi ya sikukuu tulimkuta uani amevaa koti, kibuyu kiko magotini, hajui akipeleke wapi.